Siku Niliyomfukiza Mzee Athmani

Kuna watu hapa mtaani hawalijui jina langu la Abdalla. Wanijua kwa jina la Mvuje, na wakinipita nimekaa nje ya karakana hujishika pua, hata wale ambao siku yenyewe hawakuwapo. Basi acheni niwasimulie mwenyewe, maana nimechoka kusikia habari zangu zikisimuliwa na watu wengine na kutiwa chumvi (kuna mmoja Makadara asema mzee alizimia, hakuzimia, alitoka machozi tu). Aibu ni yangu na siikatai.

Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Wazazi wetu walifariki tukiwa wadogo, nikaacha shule nikiwa darasa la saba, nikaingia kwenye karakana ya kukereza mbao hapa Mji wa Kale, na kwa miguu ya vitanda na viti nikawalea wadogo zangu wawili, Zuhura na Omari. Sijutii. Lakini maisha hayo yameniachia mambo mawili: tabia ya kuamua kila kitu peke yangu bila kumuuliza mtu, na pua ambayo vumbi la mbao limeiua nusu. Siku ya mkasa nilikuwa na mafua juu yake, kwa hivyo ile nusu nyingine nayo ilikuwa imelala.

Zuhura aliposwa na kijana wa Tudor aitwaye Hamisi. Kijana mwenyewe hana neno, na Zuhura alikuwa amempenda mpaka akawa anasahau kutia chumvi kwenye mchuzi. Shida ilikuwa babu yake Hamisi, Mzee Athmani, ambaye kwao hakuna ndoa wala safari wala mbuzi wa kuchinjwa bila ya yeye kutamka "haya". Mzee huyu alifanya kazi ya winchi bandarini Kilindini miaka mingi, na huko ndiko alikojifunza kuvuta biri, zile nene za majani matupu walizokuwa wakimgawia mabaharia. Alipokuja mara ya kwanza kuleta posa alivuta sigara mbili na biri moja, mikono ikimtetemeka, jivu likimmwagikia kwenye kanzu, na kila baada ya dakika akijichoma vidole na kusema "Astaghfirullah". Shangazi yetu Bi Fatuma, ambaye hukaa Makadara na alikuja kutusimamia shughuli, alilitazama zulia letu muda wote kama mtu anayetazama mtoto akicheza ukingoni mwa kisima.

Mtu mwingine angemnunulia mzee kikoi, mambo yakaisha. Mimi nikasema nitamtengenezea kishikio cha biri.

Hapa niacheni nijisifu kidogo, maana mbele hakuna sifa. Vishikio vya zamani ni kijiti kilichotobolewa tu: sigara hutoka, biri haiingii, na ukikiweka mezani moto hugusa kitambaa. Changu nilikikereza kwa kipande cha mpingo, urefu wa kidole cha kati. Mbele nikakitia meno manne ya shaba yenye pete ya kukaza, ukizungusha kulia meno yanabana, ukizungusha kushoto yanaachia, kwa hivyo kinashika sigara nyembamba na biri nene vilevile. Chini nikakipa miguu miwili midogo, ukikiweka kinasimama kama panzi, moto uko hewani, haugusi kitu wala hauzimiki. Na katikati (hapa ndipo nilipojiona nina akili kuliko watu waliosoma) nikachimba kijumba kidogo chenye kifuniko cha matundu, cha kutia chembe ya udi, ili moshi ukipita uchukue harufu nzuri, mzee avute biri yake na nyumba inukie kama siku ya Idi. Fundi mwenzangu Saidi, ambaye ni mvutaji, alikijaribu kwa sigara na chembe moja ya udi, akafumba macho, akaniambia, "Abdu, kitu hiki ukienda nacho Ulaya hurudi."

Ikafika Jumapili ya jibu. Jibu letu lilikuwa tayari, tena tangu zamani, lakini Mzee Athmani ndiye aliyekuwa bado hajaridhika. Maneno yalitufikia kwamba amesema, "Nyumba haina baba wala mama, huyo msichana kalelewa na nani?" Alikuwa anakuja kuitazama nyumba kwa macho yake, na akitoka hajapendezwa, basi Hamisi atatafutiwa kwengine na Zuhura wangu atabaki na mchuzi wake usio na chumvi.

Baada ya Alasiri, wageni wako ngazini, nikafungua kile kijumba cha udi nikakuta kitupu, Saidi alikuwa ameuunguza udi wote. Wanawake walikuwa chumba cha ndani, hatua tano kutoka nilipokuwa. Ningeita tu, "Zuhura, udi uko wapi?" Maneno manne! Sikuita. Nikafungua kabati la ukumbini, nikapekua, nikapata kijikopo cha peremende, na ndani yake donge jeusi la kunatanata, sawasawa na ule udi ambao wanawake huupika na sukari. Lilikuwa limefungwa kwa karatasi tatu na kitambaa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kitu kizuri kifungwe hivyo; mimi nikasema hiyo ndiyo thamani yake. Nikalinusa, sikusikia kitu. Nikasema moyoni, udi wa daraja ya juu huu, haunukii mpaka uonje moto. Nikamega chembe, halafu, kwa kuwa mgeni ni mgeni, nikamega na ya pili.

Mzee Athmani akaingia na mwanawe Nasoro, ami yake Hamisi, mtu mnene mwenye kilemba. Tukaamkiana kwa urefu wake, masalkheri, habari za nyumbani, habari za afya, kahawa ikaletwa mpaka pazia la mlango wa ndani nami nikaipokea. Mzee akanitazama.

"Wewe ndiwe mlezi?"

"Ndimi, Mzee."

"Peke yako?"

"Na Mungu."

Akaguna. Nikaona saa ndiyo hii, nikamtolea kishikio kwenye kitambaa cheupe. Alikigeuza, akaizungusha ile pete, akakisimamisha juu ya goti lake, na nawaambieni uso wa yule mzee ulifunguka kama dirisha. "Hiki umekifanya kwa mkono wako?" Nikasema ndiyo. Akatia mkono mfukoni akatoa nusu biri aliyoizima mchana (hatupi kitu yule), nikamtilia mwenyewe na kuikaza kwa nguvu zangu zote ili aone kwamba haitoki. Nusu biri ni fupi, kwa hivyo moto ulikuwa karibu kabisa na kile kijumba. Nasoro akawasha.

Mzee akavuta. Mashavu yakaingia ndani, macho yakatoka nje.

Mimi, nisiyesikia harufu yoyote, nikatabasamu. "Vuta tena, Mzee. Ya kwanza hufungua njia tu, utamu uko kwenye ya pili."

Naye maskini, kwa adabu za mtu mzima aliye kwenye nyumba ya watu, akavuta ya pili. Machozi yakamteremka. Nikadhani ni furaha. Nikaweka mkono kifuani nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka hujifunika shuka: "Hiyo ndiyo harufu ya nyumba hii, Mzee. Humo ndimo alimolelewa Zuhura."

Nasoro alikuwa amejifunika pua kwa ncha ya kilemba. "Abdalla," akaniuliza taratibu, "nyumba hii yanuka hivi siku zote?"

"Siku za wageni tu," nikamjibu.

Akaruka kitini. "Baba, huu ni mvuje! Hawa watufukiza mvuje!"

Mvuje mwaujua, utomvu unaonuka kama kitunguu saumu kilichooza shimoni, ambao watu huuchoma kumfukuza jini. Kumfukiza mgeni mvuje ni kumwambia usoni kwamba kaingia na shetani wake. Na ukisema, "La, sikukufukizia wewe," basi umesema jini yumo ndani ya nyumba yako, na ndani ya nyumba yangu aliyekuwa anaposwa ni mmoja tu. 

"Itoe hiyo biri!" Nasoro akampigia baba yake kelele. Mzee akaishika pete, akaizungusha. "Kushoto, Mzee, kushoto!" nikasema, naye akazungusha kulia, ikazidi kubana. Nasoro akamnyang'anya akakiweka mezani, na hapo, jamani, kishikio kikafanya kila nilichokifundisha: kikasimama kwa miguu yake miwili, moto hewani, hakizimiki, kinafuka kama meli. Sijapata kutengeneza kitu kizuri namna ile na kukichukia kwa upesi namna ile.

Shangazi akatoka ndani na sinia ya halua, akasimama mlangoni. "Nani kauchoma mvuje wangu?"

"Wako?" akauliza Nasoro.

"Niliuleta kwa ajili ya Zuhura, kwa..." Alitaka kusema kwa husuda, hasidi asimpate bi arusi, lakini neno "Zuhura" lilikuwa limekwisha kutoka, na Nasoro alimtazama baba yake kwa jicho la "Nilikwambia nini?"

Nikakimbilia dirishani nikakitupa kishikio nje. Kwa kichochoro chetu, dirisha na dirisha mtu na jirani yake waweza kupeana chumvi, kwa hivyo kilianguka barazani kwa Bi Zainabu, kikasimama (ndiyo, kikasimama tena), kikaendelea kufuka. Bi Zainabu akatoa kichwa. "Abdu! Kuna nini kwenu? Bi arusi kapandisha jini?"

"Hakupandisha!"

"Basi mbona mvuje? Nimwite mwalimu aje amsomee?"

"Usimwite mtu, Bi Zainabu!"

Lakini sauti yake ni ya adhana. Madirisha yakafunguka, wapita njia wakasimama wamejiziba nyuso kwa mabuibui na mikono, na nikasikia toka huku mpaka kona, "Bi arusi wa kwa Abdu ana jini, masikini, na siku ya posa!" Nikawa nimesimama dirishani, mkereza mbao mzima, nimemharibia mdogo wangu jina kwa chembe mbili.

Hapo nikaona hakuna la kuficha. Nikapaza sauti yangu, nikawaambia waliokuwa chini na waliokuwa nyuma yangu: "Hakuna jini! Ni mimi! Nina mafua, sisikii harufu, nimeutia nikidhani ni udi!"

Kicheko kilichopanda kutoka kichochoroni sitaki kukieleza. Lakini Nasoro hakucheka. Alikiokota kijikopo nilichokiacha wazi kabatini, akaniwekea donge puani. "Wasikia nini?"

Nikavuta pumzi kwa haki kabisa. "Peremende," nikasema, kwa sababu nilikuwa nikilitazama kopo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, sauti ya Zuhura, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kukohoa. "Mzee, nisamehe nikisema. Udi ulikuwa hapa kwangu. Kakangu angeuliza ningempa. Lakini yeye haulizi. Tangu tulipofiliwa hajauliza mtu tule nini, tuvae nini, aamua tu, na akikosea akosea peke yake. Leo ndiyo mara ya kwanza kukosea nasi tumo chumbani."

Nilitazama zulia. Mzee Athmani alikuwa bado anajifuta machozi, na mimi sikujua tena ni ya nini. Akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, akasukutua, akameza.

"Nilikuja kujua nani kamlea msichana huyu," akasema. "Nimejua. Nasoro, keti."

"Baba, na hii harufu?"

"Bandarini nimepakua ngozi mbichi kwenye jua la mchana, harufu si kitu. Keti." Kisha akanigeukia. "Ndoa mwezi ujao, inshallah, na isomwe msikitini. Nyumba hii iache madirisha wazi. Nawe fundi, kitu chako ni kizuri, nenda kakichukue, lakini hicho kijumba cha katikati kizibe kwa gundi mbele ya macho yangu."

Nilikwenda kukichukua barazani kwa Bi Zainabu mbele ya watu wasiopungua ishirini, nimekishika kwa ncha za vidole, nikapewa jina langu jipya kabla sijapanda ngazi.

Ndoa ilisomwa. Nilimpa Hamisi mkono kama walii wa Zuhura, na kijana mmoja wa nyuma akapiga chafya makusudi, watu wakakumbuka, hata shehe akauma mdomo. Harufu ilikaa ukumbini, wasema, wiki tatu. Mimi sikuisikia hata siku moja.

Nimekula kiapo: sitakitia kitu kinywani mwa mtu kabla sijamuuliza mwenye pua. Tena nauliza kweli, nimekuwa mtu wa kuuliza mpaka Saidi amechoka nami. Tatizo ni kwamba nimejifunza kuuliza wakati nyumba imekwisha kuwa tupu. Omari yuko Malindi kikazi, Shangazi karudi kwake. Juzi asubuhi nilikuta maziwa yamelala jikoni, nikampigia simu Zuhura nimuulize kama bado ni mazima.

"Kaka," akasema, "mimi niko Tudor. Nitayanusaje?"

Kweli. Nikakata simu, nikayamwaga.