Swali la Sita kwenye Fomu ya Hataza

Swali la sita lilikuwa na nafasi ya neno moja tu. Liliuliza kama uvumbuzi unaoombewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuwazuia wengine wasiutumie, umewahi kutumika hadharani kabla ya siku ya maombi. Msimamizi wangu wa shahada ya uzamili alikuwa ameshajaza mengine yote: jina la chuo, jina langu, jina lake, maelezo ya kifaa, michoro mitano niliyoichora mwenyewe. Hilo moja aliniachia kwa sababu, alisema, mvumbuzi ndiye anayepaswa kulijibu. Nikaitia fomu kwenye begi pamoja na kifaa, nikapanda basi kwenda Bariadi kukifanyia majaribio ya mwisho.

Kifaa chenyewe ni rahisi kueleza. Katika mashine ya kuchambua pamba, rola iliyovikwa ngozi huvuta nyuzi, na kisu kisichozunguka hukaa kikiigusa rola hiyo ili mbegu zisipite. Ngozi inalika kidogo kidogo, pengo linaongezeka, mbegu zinapasuka na kuchafua pamba. Kwa hiyo kila baada ya saa kadhaa fundi husimamisha mashine, huchomeka kipande cha karatasi kati ya kisu na rola, hukivuta, na kukaza bolti mpaka karatasi igome bila kuchanika. Mimi nilibuni wenzo wenye springi unaokisukuma kisu kiifuate ngozi kadiri inavyolika, mashine ikiendelea kufanya kazi. Nimeandika "nilibuni". Neno hilo nimelipima mara nyingi kuliko nilivyoipima springi.

Kiwanda nilichopewa kibali kiko barabara ya kwenda Dutwa. Mkuu wa karakana, mzee aliyefanya kazi na baba yangu miaka mingi kabla baba hajastaafu, aliniita mayu, kama wazee wetu wa Kisukuma wanavyowaita mabinti zao. Aliniacha nifungue sanduku, nipange spana, niwaeleze mafundi wake wanne habari za nguvu ya springi na uchakavu wa ngozi. Walinisikiliza kwa adabu iliyoanza kunitia wasiwasi. Nilipomaliza, mzee alinipeleka kwenye mashine ya tatu kutoka mlangoni, akafungua kifuniko cha ubavuni.

Kilikuwamo. Wenzo uliokatwa kwenye bamba la plau iliyochakaa, na kwenye ncha yake springi mbili za tandiko la baiskeli. Egemeo lilikuwa mahali palepale nilipoliweka mimi baada ya miezi mitano ya hesabu.

"Mayu," alisema mzee, "umetuletea kile cha baba yako, ila chako kimevaa suti."

Mafundi walicheka. Nami nikacheka, kwa kuwa anayecheka haulizwi kitu. Kisha nikainama, nikafunga sanduku.

Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa nikimpelekea baba chakula kiwandani wakati wa msimu. Alikula amesimama, kando ya mashine iliyofunguliwa. Nakumbuka kelele, vumbi la nyuzi kwenye kope zake, na bakuli la ugali juu ya injini iliyopoa. Sikumbuki wenzo. Lakini kutokumbuka si ushahidi wa kutokuona, na kwenye basi dogo la kwenda Ngulyati, nyumbani kwa baba, nilijihoji kama shahidi ninayemshuku: je, wazo lile lilinijia maabara, au lilikuwa limenisubiri tangu nikiwa na miaka tisa? Sijapata jibu. Nilichokuwa na hakika nacho ni kwamba fomu ilikuwa kwenye begi, na mtu aliyestahili kuandikwa ndani yake alikuwa shambani aking'oa miti ya pamba iliyokwisha kuvunwa.

Nilimwamkia, nikamwonyesha kifaa changu. Alikigeuza mara mbili, akagonga skrubu ya pembeni kwa ukucha.

Ile skrubu ilikuwa tumaini langu la mwisho. Inaongeza au kupunguza nguvu ya springi, na kwenye wenzo wa plau haikuwapo. Njia nzima nilikuwa nimejenga hoja kwamba, hata kama wenzo ni wake, skrubu ni yangu, na hataza inaweza kusimama juu ya skrubu peke yake.

"Hii nilikuwa nayo kwenye ule wa kwanza," alisema baba. "Nikaiondoa. Kila zamu walikuwa wanaigusa."

Nilikaa chini, juu ya miti ya pamba iliyong'olewa. Nilimuuliza kwa nini hakuweka hata alama yake, yeye ambaye ng'ombe wake wote wamekatwa masikio kwa namna moja ili wajulikane hata wakichanganyika na wa watu. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Ng'ombe unamtia alama asipotee. Hiki nilitaka kipotee, mayu."

Na kilipotea kweli. Ndivyo mafundi wa huku walivyozoea: msimu ukiisha, wanasaidiana kufungua na kusafisha mashine za kiwanda kimoja baada ya kingine, na fundi aliyepata njia nzuri huiacha pale alipofika. Baba aliacha wenzo mmoja kwa wenzake wa kiwanda cha Malampaka, nao wakauiga kwa ajili ya wengine. Hakuna aliyechora. Hakuna aliyeona kwamba kwa kuutumia mchana kweupe, mbele ya yeyote aliyepita, walikuwa wanajibu swali la sita miaka mingi kabla sijaliona.

Siku iliyofuata nilimpigia msimamizi wangu. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama ripoti. Alisema kwamba nimechoka, kwamba michoro ni yetu na vipimo ni vyetu, kwamba matumizi ya kienyeji yasiyo na maandishi si matumizi kwa maana ya kitaalamu. Nikamwambia swali halikuuliza kama yana maandishi. Limeuliza kama yapo.

"Na nani," aliuliza, "atatoka ofisini kwake kwenda Dutwa kufungua kifuniko cha mashine?"

"Mimi nimekwisha kukifungua," nilisema.

Aliniambia nifikirie vizuri, maana tasnifu yangu yote ilisimama juu ya upya wa kifaa kile. Ushauri huo haukuwa na kazi kwangu. Kufikiri ndiyo maradhi yangu. Nilifikiri kwamba "Hapana" ingenipa hataza. Nikafikiri pia kwamba hataza hiyo ingeniwezesha kuwazuia wa Malampaka wasitumie kitu walichopewa na baba yangu. Hapo ndipo niliposimama, na sijaondoka hapo mpaka leo.

Niliandika "Ndiyo". Kwa kuwa nafasi haikutosha, niliambatisha kurasa nne: picha za wenzo wa plau, vipimo vyake, na maelezo ya mafundi watano, wengine wakiweka saini, wawili dole gumba. Kwenye nafasi ya mvumbuzi nilikata jina la msimamizi na langu, nikaandika la baba, kwa kalamu ileile. Kisha nikaipeleka mwenyewe mpaka dirishani kwenye ofisi ya hataza, nikasubiri igongwe muhuri.

Msimamizi hakunisemesha kwa wiki kadhaa. Nilibadilisha kichwa cha tasnifu. Ikawa uchunguzi wa kifaa kilichokuwapo. Jopo lilinitaka niondoe maneno "springi ya tandiko la baiskeli" na kuweka istilahi inayofaa. Nilijibu kwamba istilahi inayofaa ni jina la kitu chenyewe, na maneno yakabaki. Alama nilizopata hazikuwa za kujivunia. Sikuzikatia rufaa.

Barua ya kukataliwa ilikuja baadaye, ukurasa mmoja wenye nembo. Nilikwenda nayo Ngulyati, nikamsomea baba polepole: maombi hayakubaliki, kwa kuwa imethibitika kwamba kifaa hicho kilitengenezwa na fundi aliyetajwa, na kilikuwa kikitumika katika viwanda vya pamba vya mkoa huu kabla ya maombi. Nilirudia sentensi hiyo mara mbili. Ni karatasi pekee ya serikali inayosema hivyo, nami ndiye niliyeilazimisha iseme.

Baba hakugusia hataza. Aliuliza jambo moja: "Kwa hiyo hakuna wa kuwazuia wa Malampaka?"

"Hakuna, baba. Si mimi wala mwingine yeyote."

Aliipokea barua, akaisugua pembe yake kati ya kidole gumba na cha shahada, kama alivyokuwa akisugua karatasi kabla ya kuichomeka kwenye kisu.

"Nzito hii," alisema. "Kwa rola mpya ingefaa."

Nilimnyang'anya kabla hajaichana.