Siku Niliyoidharau Kamba Mbele ya Baba Mkwe

Aibu hii nimeificha tangu Agosti, na ningeendelea kuificha kama mke wangu Kagendo hangeanza kuwasimulia majirani huku akiitia chumvi, kwa hivyo heri niitoe mwenyewe ikiwa bado na ukubwa wake wa kawaida.

Mimi ni mtu wa Mitunguu, lakini riziki yangu iko magharibi, kwenye kiwanda cha mbao nje ya mji wa Eldoret. Nilienda huko nikiwa kijana mwembamba, nikaanza kwa kuzoa unga wa mbao, nikapanda hadi kubeba magogo, na leo mimi ndiye ninayesimama kwenye mashine kubwa, na mbao zangu (nasema bila haya) zimeezeka nyumba hadi karibu na mpaka wa Uganda. Shida ni baba mkwe wangu, mkulima wa kahawa kule Githongo. Kwake yeye, mtu aliyeacha shamba akaenda kupasua miti ya wengine ni mtu aliyepotea, na kila nikimtembelea huniuliza kwa upole, "Baba Mwenda, bado uko kwa hiyo kazi?" vile mtu humuuliza mgonjwa kama bado anakohoa.

Sasa Agosti tulifika kwake tukakuta ameangusha mti wake wa mukima, mkubwa kuliko yote, ule uliokuwa mpakani mwa kahawa, ameutoa kwa kanisa utengenezwe mabenchi. Mchungaji alikuwepo, akina mama wa kanisa walikuwa wanapika chai, na fundi wa pale, Kirimi, alikuwa ameshaliweka gogo juu ya vigingi na anachovya kamba kwenye oili chafu. (Kwa wasiojua: kamba inavutwa toka ncha hadi ncha ya gogo, inaachiliwa ipige, inaacha mstari mweusi, na msumeno wa petroli unafuata huo mstari.)

Hapo ndipo nilipofungua mdomo.

"Kirimi, bado mnatumia kamba?"

"Sasa tutumie nini, kaka?"

"Macho."

Baba mkwe aligeuka akanitazama, nami nikaona hii ndiyo siku niliyoingoja miaka yote, leo atajua binti yake aliolewa na nani, nikavua koti, nikabaki na shati jeupe nililolinunua kwa ajili ya safari ile, nikanyakua msumeno.

Ubao wa kwanza ulitoka upande mmoja mnene kama Biblia, upande wa pili mwembamba kama chapati. Nikasema mnyororo ni butu, na Kirimi akaunoa. Wa pili ukawa mbaya zaidi, nikasema gogo halijakaa sawa, wazee wanne wakalisukuma na kulikalisha upya (mmoja wao alikuwa anashika kiuno). Wa tatu, ndugu zangu, msumeno ulitokea ubavuni mwa gogo kabla sijafika nusu, ukanirushia oili toka kola hadi mshipi, na kipande kikaangukia karibu na viatu vya mchungaji. Akina mama waliacha kukoroga chai.

Kagendo akasema taratibu, "Baba Mwenda, si uwachie tu Kirimi."

Nikazima injini, ndipo nikaelewa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kiwandani kuna chuma kirefu pembeni mwa mashine, gogo linakiegemea na kwenda nacho, na miaka yote hiyo nilidhani ni macho yangu yanayonyoosha mbao, kumbe ni kile chuma. Masikio yaliniwaka. Mti ulikuwa mmoja tu, karibu robo nimeiharibu, na aliyeupanda amesimama hapo, mikono nyuma.

Mwingine angejifanya ana simu ya dharura akaondoka. Lakini mimi kazi yangu naipenda kuliko sura yangu, nikamwendea Kirimi mbele ya wote nikamwambia, "Kaka, nimekudharau. Nishikie ile ncha ya kamba."

Tukavuta, tukapiga, mstari ukatoka. Na hapo nikagundua kwamba mikono, hiyo ilikuwa yangu kweli, haikuazimwa kwa chuma chochote. Nilijua gogo linapotaka kubana, nilijua kusikiliza injini na kutoilazimisha, na mbao zikaanza kuanguka moja baada ya nyingine, zimenyooka. Kirimi alichuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama ubao kwa urefu wake wote.

"Hii mkono ni ya fundi," akasema.

Mabenchi yalipungua mawili, siwezi kuficha. Wakati wa chai baba mkwe alikuja akakaa kando yangu, nikajiandaa kuulizwa lile swali lake.

"Hizo mbao tatu nitajengea kuku," akasema. Akanywa kidogo. "Huko chini kwa mto kuna mukima ingine. Watu wameniomba, nikakataa. Uje Desemba uipasue."

"Sawa, Baba," nikasema, na chai ikanipalia.

Nimeapa sitapasua tena hata kuni bila mstari, wala sitamcheka fundi nikiwa nyumbani kwake. Juzi nilipoomba ruhusa ya Desemba, msimamizi aliniuliza kama kuna harusi. Nikamwambia hapana, baba mkwe amenipa kazi.