Mkaratusi wa Mzee Blanchard

Miaka kumi na mmoja Pétronille, mkaguzi wa miti wa mji, alikuwa akigonga miti ya Bunia kwa nyundo ya mbao, na hakuwahi kukutana na mwenye mti aliyemwambia kweli. Anayetaka kuni huapa kwamba mti wake umeoza. Anayependa kivuli huapa kwamba mti ni mzima, na huku uyoga umeota shinani wa kutosha kupika mboga. Kazi yake ilikuwa kuusikiliza mti wenyewe, lakini nani alimwacha asikilize? Walimfuata nyuma na maneno mpaka kichwa kikamuuma.

Alhamisi hiyo alikuwa mtaa wa Saio, kwenye mkaratusi uliosimama mpakani mwa viwanja viwili. Akagonga usawa wa kifua, ukalia kama mtungi mtupu. Akachomeka chuma chake chembamba, kikazama chote. Juu, tawi nene lilikuwa limeinamia bati la Mzee Blanchard, ambaye alikuwa akilea wajukuu wanne, na mvua za upepo zilikuwa zimebakiza majuma mawili.

"Iko muzima," mzee akasema kabla hajaulizwa.

"Papa, ndani iko wazi. Upepo moja tu, itaangukia batoto."

"Vita ilipita hapa, haikuanguka."

Ilikuwa mara ya tatu anakuja, na mara ya tatu anaimbiwa wimbo uleule. Uvumilivu ukamwisha. Akamwuliza waziwazi kama anaupenda mti kuliko wajukuu wake.

Mzee hakukasirika, na hilo lilimkera Pétronille zaidi. "Wakati tulirudia kutoka mu kukimbia," akasema, "nyumba ilikuwa majivu, na kartasi ya parseli, ya hii kiwanja, vilevile. Avenue yote, mutaa muzima, ilikuwa majani. Ni hii muti tu ilinionyesha fasi yangu, pahali nyumba ilisimama. Mukiikata, Honoré atasogeza ua ya lupango yake mpaka mu kiwanja yangu."

Honoré alikuwa jirani wa upande wa pili. Ndiye aliyekwenda ofisini mara nne kuomba mti ukatwe, na Pétronille alikuwa amemhesabu kuwa mtu pekee mwenye akili katika mtaa ule. Sasa akajikasirikia na yeye mwenyewe.

Akaketi juu ya mzizi, akatoa fomu. Fomu ilikuwa na mistari mitatu: aina ya mti, ugonjwa, uamuzi. Akaigeuza nyuma. Akapima kwa hatua kutoka barabarani na kutoka kila nyumba, akaandika kwamba mti ndio mpaka, kwamba ukatwe usawa wa kifua na kisiki kibaki palepale kichipue. Haikuwa kazi yake, na alinung'unika hivyo mpaka nukta ya mwisho.

Honoré akatokea ng'ambo ya ua. "Unaandika nini pale, Mama?"

Akamsomea kwa sauti kali, akijiandaa kwa ugomvi.

"Andika mbili," Honoré akasema. "Na yangu kartasi iliungua. Miye nilizani huyu muzee anaiacha apate kusema mpaka fasi kivuli inafika ni kwake."

"Miaka sita muko majirani," Pétronille akasema, "na hakuna mwenye aliuliza mwenzake?"

Wote wawili walitazama gome la mti kana kwamba swali lilikuwa la mti. Akaandika ya pili, akiukandamiza mkono hadi karatasi ikatoboka, kisha kila mmoja akatia sahihi kwenye ya mwenzake.

"Wakataji wanakuja kesho," akamwambia mzee. "Leo hamisha batoto upande ingine ya nyumba."

"Balishahamaka," mzee akajibu.

Akaingia ndani kumwonyesha. Magodoro ya watoto yalikuwa yamebanwa kwenye ukuta wa mbali, na vumbi la pale lilionyesha kwamba hayakuhamishwa jana wala juzi. Upande ulio chini ya tawi kulikuwa na mkeka mmoja tu, na blanketi la mzee.

"Na weye unalalaka hapa?"

"Mutu alipaswa kuchunga fasi," akasema, akaanza kukunja mkeka wake.