Mtoto wa Saba Katika Wasifu wa Mama

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye ofisi ya parokia moja hapa Machakos. Mbele yangu alisimama mama mwenye mvi kutoka Muthetheni. Mama yake mzazi anazikwa Jumamosi, na kaka zake wamekataa kumtaja dada yao wa kwanza, aliyekufa akiwa mchanga, katika wasifu wa marehemu. Wanasema hakuna ushahidi kwamba aliwahi kuzaliwa.

Karani alipekua daftari kuukuu la ubatizo. "Mwaitu," akamwita, yaani mama kwa Kikamba, "hii jina ni yako. Imeandikwa mara mbili. Padri alikosea."

Kumbe kwao, binti aliyepewa jina la nyanya yake akifa, anayefuata hupewa lilo hilo, nyanya asikose mtu wa jina lake.

Mama hakupandisha sauti. Aliweka kidole kwenye mstari wa juu. "Nisomee mama wa ubatizo."

Karani akasoma.

"Huyo ni shangazi yangu. Alikufa kama mimi sijazaliwa. Sasa alinibeba aje?"

Karani alivua miwani, akatazama mistari yote miwili, kisha akacheka. "Umenishinda, mwaitu." Akaandika cheti cha yule mtoto na kukigonga muhuri.

Mama alimpigia simu kaka yake mmoja palepale, cheti kikiwa juu kama bendera. "Ambia mtu wa kuchapisha wasifu asimame! Mama alizaa saba, sio sita. Na wewe si wa tano, ni wa sita!"

Nimefundisha hesabu miaka mingi. Sijawahi kusikia masahihisho matamu hivyo.