Kijito Kati Yangu na Paskalina

Wenzangu mliolala utotoni nyumba moja na ng'ombe, mnaukumbuka ule ukungu wa kijijini kwetu Daa. Ulikuwa ukishuka asubuhi kutoka upande wa msitu wa Ngorongoro, unaingia mpaka ndani, unachanganyika na moshi na harufu ya mkojo wa ndama, na mama anatuamsha: "Haya, tokeni, mbuzi hawaogopi ukungu!" Tulikuwa tukitoka na viazi viwili vya moto kila mmoja, kimoja cha kula, kimoja cha kupashia vidole. Shule nilisoma mpaka darasa la pili tu, baba akasema mbuzi hawana mchungaji, basi ikawa mwisho. Lakini majina sijasahau hata moja. Tulikuwa tukichunga mimi, Bura, Theodora, na Paskalina binti wa Mzee Sulle, ambaye nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya kijito, hatua chache tu kutoka kwetu.

Huyo Paskalina nilikuwa sijamtaja kwa miaka mingi. Aliyenifanya nimtaje ni mjukuu wangu Emeriana.

Emeriana anasoma Karatu mjini, anataka kuwa mwongoza watalii. Mtoto huyu alikuwa akimkimbia jogoo wangu, leo anataka kuwaonyesha watu nyati! Kiingereza anacho, sasa wameambiwa kwamba wenye Kifaransa wanatafutwa zaidi, basi anasoma na Kifaransa. Mwezi uliopita alikuja Daa na daftari, akakaa jikoni kwangu, moto ukamshinda kuuwasha, nikauwasha mimi.

"Aama," akasema, maana sisi Wairaqw bibi tunamwita hivyo, "nina mtihani wa kusimama mbele ya darasa. Mwalimu anataka tusimulie utoto wa mzee wa nyumbani, mambo aliyokuwa akiyafanya kila siku."

"Kwa Kifaransa?"

"Kwa Kifaransa. Wewe sema Kiswahili, kugeuza ni kazi yangu."

Mwalimu wao ni baba mmoja wa Kigoma, na inaonekana anafundisha vizuri, kwa sababu hata mimi nilielewa. Maneno yenyewe Emeriana ameniandikia hapa kwa mkono wake. Unachukua tendo kama linavyosemwa na watu wengi leo, sisi tunachunga, *nous gardons*. Unalikata mkia ule wa *-ons*, kinabaki kiwiliwili, *gard-*. Halafu unampa kila mtu mkia wake wa zamani. Mimi nilikuwa nikichunga, *je gardais*. Wewe, *tu gardais*. Yeye, *elle gardait*. Sisi, *nous gardions*. Ninyi, *vous gardiez*. Wao, *elles gardaient*.

Nikamwambia, "Mbona wa mimi, wa wewe, wa yeye na wa wao nasikia ni mmoja?"

Akacheka mpaka akaweka daftari chini. "Masikioni ni mmoja, Aama. Kwenye karatasi ndipo inapotofautiana, isipokuwa wa mimi na wa wewe. Darasani kuna watu hawajagundua hilo mpaka leo!"

Akaniambia mikia ni ileile kwa matendo yote. Kumaliza, sisi tunamaliza ni *nous finissons*, kata, *je finissais*. Kungoja, *nous attendons*, kata, *j'attendais*. Neno moja tu ndilo kaidi, la kuwa, hilo lina kiwiliwili chake peke yake. Nikaona ni kazi ya kueleweka. Basi nikaanza kumpa, na yeye anakata mikia na kuunga.

Nikampa mchezo wa mawe, tulivyokuwa tukirusha moja juu na kuzoa mengine chini kabla halijatua. Nikampa mtama tuliokuwa tukiutwanga, mama akiimba, na maziwa ya mgando tuliyokuwa tukilamba vidoleni tukidhani hatuonekani. Kalamu ilikuwa ikikimbia. Ndipo nikafika kwenye kungoja, na hapo nikajikuta nimeshamtaja Paskalina.

Wenzangu wa rika langu mnaijua metimani. Vijana hawaijui, nikamweleza. Nyumba ikifiwa na mtoto anayenyonya, ilikuwa ikitengwa. Hawaombi moto kwa jirani, hawapiti njia yenu, ng'ombe wao hawanywi na wenu, wala hamli chombo kimoja, mpaka wazee waseme imetosha. Watu waliamini msiba unaambukiza. Mdogo wake Paskalina alikufa akiwa bado ananyonya, na tangu siku hiyo rafiki yangu akawa wa ng'ambo.

Hatukuachana, lakini. Kila jioni nilikuwa nikimngoja upande wangu wa kijito, naye akiningoja upande wake. Tulikuwa tukicheza mawe, mimi huku, yeye kule, kila mtu akitaja kwa sauti amezoa mangapi. Bila shaka tulikuwa tukidanganyana. Na kabla ya kuagana, mmoja lazima apaze sauti, "Leo mmekula nini?" Mwingine anajibu, na anayeona chakula chake kibaya anaongeza chumvi. Paskalina alikuwa akila nyama kila siku, kwa maneno yake.

"Hii nzuri sana," Emeriana akasema. "*J'attendais, elle attendait.* Endelea. Iliishaje?"

Nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Aama?"

"Andika kwamba tulikuwa tukingojana. Inatosha."

"Haitoshi. Mwalimu anataka na siku moja ndani yake. Ile mikia ni ya mambo ya kila siku, halafu panatokea jambo moja, siku moja, na hilo linasemwa kwa namna nyingine."

Siku moja. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nayo tangu nikiwa na meno ya utoto.

Siku hiyo kwetu walichinja. Nikafunga kipande changu cha nyama kwenye jani la boga, nikafika kijitoni, nikamwona Paskalina amekaa na uji wa jana. Nikavuka. Maji yalinifika magotini. Tukala nyama pamoja, tukanywa kibuyu kimoja, nikarudi. Jirani mmoja alikuwa juu ya kilima, akaona watoto wawili mahali pamoja, lakini hakuona nani amemfuata nani.

Baada ya siku chache ng'ombe wetu mweupe, Awak, ndiye aliyekuwa akitupa maziwa, akaharibu mimba. Jirani akasema alichokiona, na baba akatuita sote uani. Hakupiga kelele. Akauliza, "Nani alivuka?"

Nikasema, "Paskalina."

Neno moja tu. Wazee wakakaa, wakasema nyumba ya Mzee Sulle imevunja miiko, na siku zao za kutengwa zikaanza upya, wakati zilikuwa zinakaribia kuisha. Mama yake Paskalina hakuweza tena kuvumilia kukaa bila jirani. Kabla ya mvua kubwa wakahama. Niliwaona asubuhi, punda wawili na mizigo, wakipita njia yao ya pembeni kwenye ukungu. Paskalina alitazama kwetu. Nilikuwa mlangoni. Nikarudi ndani.

Wala sikuwahi kusikia amesema kwamba ni mimi. Angesema, nani angemsikiliza, mtoto wa nyumba iliyotengwa?

Emeriana alikuwa ameacha kuandika. Mtoto huyu hujaza masikio vile vidude vya muziki hata akichota maji, lakini siku hiyo alisikia kila kitu. Akauliza taratibu, "Niandike nani alivuka?"

Nawaambia ukweli, nilifikiri. Kwa Kifaransa! Nani Daa angejua? Ningeweza kusema Paskalina kwa mara ya pili, na yule mwalimu wa Kigoma angeamini. Nikaiangalia kalamu yake.

"Andika bibi yako alivuka," nikasema. "Andika na kwamba alimsingizia mwenzake."

Alisimama mbele ya darasa akasema yote. Ananiambia alifaulu, na kwamba mwalimu hakumuuliza swali hata moja. Mimi nikabaki na swali langu. Kama nimeweza kuwaambia watu nisiowajua, kwa lugha nisiyoijua, mwenyewe je, atasikia lini?

Nikamtuma Emeriana aulize sokoni Karatu, kwa watu wa pande zote. Vijana hawa tunawasema, lakini kwa kutafuta mtu na simu hawana mfano. Haikuisha wiki, akaja na namba. Paskalina yupo Endabash, ni mjane, anakaa kwa binti yake. Maisha yote hayo, na alikuwa wilaya hii hii.

Tukapiga, binti yake akapokea, akampa simu. Nikasikia anapumua.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakatoka machache. "Paskalina, ni mimi wa ng'ambo. Ni mimi niliyevuka. Nilikusingizia."

Jogoo wa kwao akawika, nikamsikia. Emeriana akanishika bega.

"Mama yangu alikufa akidhani ni mimi niliyevuka," akasema Paskalina. "Nilimwapia, hakuniamini."

Nikashika simu kwa mikono miwili. Nilidhani amekata, lakini bado nilikuwa nikimsikia akipumua, yeye kule, mimi huku.

Kisha akauliza, "Leo mmekula nini?"

Nikajibu kwa kupaza sauti, kama mtu anayevusha sauti ng'ambo ya maji, mpaka kuku wakatawanyika. "Ugali wa mtama na majani ya maboga!"

"Sisi nyama," akasema.

Enzi zetu maji ya magotini yalitosha kutenga watu. Siku hizi kile kijito kimekauka, ni mchanga mtupu, watoto wanapita katikati wakitazama simu zao na hawajui palikuwa na ng'ambo. Ni afadhali hivyo, nasema. Lakini pia hakuna anayesimama jioni kumngoja mwenzake na kumuuliza amekula nini.

Jumapili Emeriana ananipeleka Endabash. Atanunua nyama mjini, na wauzaji wataiweka kwenye mfuko. Nimeshachuma jani la boga, pana, lisilo na tundu. Nitaifunga mwenyewe.