Mwishehe na Hesabu ya Minazi

Mwishehe wa Mbezi alikuwa mkwezi, na kwa miaka ishirini aliwadharau watu wote waliobaki chini. Hakuwachukia. Aliwaona tu kama walivyoonekana kutoka kwenye kilele cha mnazi: vipara, kofia na mabega, wakizunguka na kubishana juu ya mambo ambayo yeye alikwisha kuyaona zamani. Alijua nani kasogeza mpaka wa shamba la jirani, na nani anaanika mbata, nazi kavu za kuuza, uani huku akilia ukata mbele ya watu.

Kazi yake ilimpeleka kutoka Mbezi hadi Bunju na kurudi. Kila baada ya miezi mitatu aliipanda minazi ile ile, kitanzi cha kamba miguuni na panga kiunoni, akaangusha nazi, akachukua ujira wake wa nazi moja kwa kila mnazi, akaenda zake bila maneno mengi. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa makali, na watu hawakuyafurahia.

Dada yake, Mwanakombo, alikuwa mjane aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwake. Baba yao alimwachia minazi ishirini na minne iliyosimama katika kiwanja cha mtu mwingine, jambo ambalo pale pwani halikumshangaza mtu. Ardhi ilikuwa ya huyu, minazi ya yule, na wakikutana walisalimiana. Mwaka ambao mumewe aliugua, Mwanakombo aliiweka minazi hiyo rehani kwa Marijani kwa shilingi sitini. Makubaliano yalikuwa ya kawaida: Marijani atachuma nazi mpaka siku atakaporudishiwa sitini yake, na minazi yenyewe itabaki ya Mwanakombo.

Marijani huyu alikuwa mnunuzi wa mbata, mtu wa sauti ya upole na tasbihi isiyotoka mkononi. Ungemwambia anakula riba, angekusomea aya nzima ya kuiharamisha. Yeye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa akiwatunzia wenye shida miti yao. Aliitunza kweli. Katika miaka sita nazi alizochuma kwenye minazi ya Mwanakombo zilikuwa zimemrudishia fedha yake mara tano, na sitini ikabaki sitini. Aliyempandia kuchuma alikuwa Mwishehe. Alipanda minazi ya baba yake kwa ajili ya Marijani, akamdharau kila alipokata kole la nazi, na akishuka alipokea nazi yake moja kama kawaida.

Kiangazi cha mwaka 1938 alifika mzungu ambaye watu walimwita Bwana Maswali. Alikuwa ametoka chuo kikubwa huko kwao, kuja kuchunguza uchumi wa mkulima wa pwani: anavuna nini, anadaiwa nini, kwa nini vijana wake wanakimbilia mjini kupakua meli, na kwa nini wanaobaki hawaongezeki. Alijifunza Kiswahili kitabuni, na katika kile alichojifunza maneno mawili ndiyo yaliyomkaa mdomoni, “vizuri” na “sana”. Karani wake, Revelian, alikuwa kijana wa Bukoba mwenye suruali ya pasi, aliyeuona mnazi kwa mara ya kwanza mwaka uliotangulia alipohamishiwa Dar es Salaam, na tayari alikuwa na daftari nene juu ya mnazi.

Siku ya kwanza wenye nyumba waliitwa uani kwa jumbe. Revelian aliwauliza mmoja mmoja: watu wangapi wanalala nyumbani kwako, wangapi wamezaliwa, wangapi wamekufa, wangapi wako mjini, na je, unadaiwa. Kwenye kiti cha mbele kabisa alikaa Marijani, akihesabu tasbihi. Wanaume thelathini na saba waliulizwa kama wanadaiwa, na wote thelathini na saba walisema hawadaiwi. Mwishehe aliwatazama akacheka moyoni, kwa sababu hakukuwa na watano miongoni mwao ambao minazi yao haikuwa kwa Marijani. Zamu yake ilipofika, naye alisema hadaiwi. Bwana Maswali alifurahi, akasema vizuri sana. Mwanakombo hakuulizwa kitu. Mwanamke asiye na mume hakuwa na mahali pake katika fomu, kwa hiyo aliandikwa chini ya jina la Mwishehe kama mtegemezi, yeye aliyemlea Mwishehe tangu mama yao alipofariki.

Kesho yake Mwishehe aliajiriwa kwa senti arobaini kwa siku apande minazi na kuhesabu kilichomo. Bwana Maswali alitaka kila kitu, nazi, koroma, madafu, vitale, hata vidaka. Mwishehe alimweleza Revelian kwamba vidaka vingi huanguka kabla ya kukomaa, na kuvihesabu ni sawa na kumhesabia mtu wajukuu siku anapoposa. Revelian alijibu kwa adabu kwamba vidaka vimo katika fomu.

Basi siku hiyo alihesabu kwa haki mpaka shingo ikakakamaa. Siku ya pili, kwenye mnazi wa nne, sisimizi wakali waitwao maji moto walimvamia mikono yote miwili, na alipokuwa akiwapangusa Revelian alimwita kutoka chini amtajie idadi. Mwishehe alisema themanini na mbili bila kutazama. Kalamu ikaandika. Hakuna kilichotokea. Bwana Maswali alikuwa ameweka kiganja juu ya macho, akitazama juu kama mtu aliyesubiri mvua.

Kuanzia hapo Mwishehe hakuhesabu tena. Aliwatajia namba kama zilivyomjia, ndogo alipokuwa na njaa, kubwa alipokuwa na furaha. Upande wa kibla wa msikiti ulikuwepo mnazi uliopandwa kabla hajazaliwa ambao haujawahi kuzaa hata kidaka. Aliupanda akautajia mia na kumi. Wote wawili walikuwa chini yake, mwenye chuo na mwenye daftari, na hakuna aliyeshangaa. Mwishehe hakuwahi kufurahia kazi kama alivyoifurahia wiki ile.

Siku ya sita walifika kwenye minazi ya Mwanakombo, na Marijani alikuwa amekwisha kusimama hapo, kanzu nyeupe, akimwelekeza Bwana Maswali mahali penye kivuli. Mwishehe aliposhuka kutoka mnazi wa kwanza alimwona Revelian akiandika jina.

“Unaandika nani?” alimuuliza.

“Bwana Marijani. Ndiye anayechuma.”

“Anachuma, lakini minazi ni ya dada yangu. Iko rehani.”

Revelian alirudisha kurasa nyuma, akapitisha kidole juu ya mistari. “Rehani ni deni, bwana Mwishehe. Hapa hakuna mtu aliyesema anadaiwa. Wewe mwenyewe umesema hudaiwi.”

“Andika basi majina mawili.”

“Fomu ina nafasi ya jina moja.”

Mwishehe alimwendea Bwana Maswali mwenyewe, akamweleza polepole, kwa maneno mepesi, kuhusu rehani, baba yake, na ile sitini. Bwana Maswali alimsikiliza kwa heshima yote, akasema vizuri sana, kisha akamuuliza ana watoto wangapi. Marijani alitazama pembeni, akitabasamu na tasbihi yake. Mwishehe alirudi kwenye kamba, akaupanda mnazi wa pili, na akautajia mia mbili.

Baada ya masika Mwanakombo alikuwa amekamilisha sitini. Aliipata kwa kusuka mikeka na kukaanga vitumbua, na ilimchukua miaka. Aliifunga kwenye pindo la kanga akaenda kwa Marijani, na Marijani hakuigusa. Alimkaribisha, akampa maji, akamwonyesha karatasi iliyonakiliwa kutoka kwenye daftari la Revelian na kupigwa muhuri. Minazi ishirini na minne, mwenye mali Marijani. Alimwambia kwamba yeye binafsi angependa kumsaidia, lakini serikali ikishaandika, mtu kama yeye atafanya nini.

Mwanakombo alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake. Hakulia. Alikaa kwenye kibaraza, akauliza swali moja.

“Wewe ulikuwepo. Waliandika nini?”

“Waliandika upuuzi, dada.”

“Upuuzi wa nani?”

Mwishehe alichukua kamba yake akaanza kuikunja.

Shauri lilipelekwa kwenye baraza la akida. Mashahidi wa rehani walikuwa watatu. Wawili walikuwa wamekufa, na wa tatu, ambaye naye minazi yake ilikuwa kwa Marijani, alisimama akasema umri umemchezea na hakumbuki vizuri. Revelian aliitwa na daftari lake. Akida alilifungua, akalipekua ukurasa kwa ukurasa, na ilionekana wazi kwamba lilimtia hofu. Alisema hiki ni kitabu kilichoandikwa pale pale kwenye minazi, mbele ya mzungu, na yeye hajui namna ya kukipima na maneno ya mdomoni.

Mwishehe alikuwa amekaa karibu na mlango. Alimtazama akida, akamdharau. Alimtazama yule shahidi aliyepoteza kumbukumbu, akamdharau zaidi. Kisha akaona kwamba ndani ya baraza lile hakuna mwingine mwenye kitu cha kulivunja daftari, na kwamba kitu chenyewe alikuwa nacho yeye peke yake. Watu walianza kuinuka.

“Bwana akida,” alisema, “kitabu hicho ni cha uongo.”

“Aliyesema uongo nani?”

“Mie.”

Akida alimwamuru asogee mbele. Mwishehe alisimama, akaeleza jinsi alivyotaja namba bila kutazama, tangu siku ya pili hadi ya mwisho. Akida hakusadiki.

“Tafuta mnazi wa msikiti,” Mwishehe alimwambia. “Umeandikwa mia na kumi.”

Ulitafutwa, ukapatikana, ukasomwa kwa sauti. Kila mtu mle ndani aliujua mnazi ule tangu utotoni. Kicheko kilianza nyuma kikaja mpaka mbele, hata akida akaziba mdomo. Alipotulia alimgeukia Revelian, akamuuliza kama majina nayo yameandikwa hivyo hivyo. Revelian angeweza kujitetea. Alikuwa na kazi ya serikali na mshahara wa kupoteza. Alisema, “Aliniambia ni rehani. Niliandika jina moja kwa sababu fomu ina nafasi ya jina moja.” Katika watu wote wa shauri lile, huyo ndiye ambaye Mwishehe hakupata namna ya kumdharau, ingawa alijaribu.

Marijani aliamriwa apokee sitini yake na kuiachia minazi. Mwishehe, kwa kumdanganya mgeni wa serikali na kula ujira wake, alifungwa siku kumi na nne za kufyeka barabara ya Bagamoyo.

Aliporudi hakuitwa kukwea. Alingoja miezi mitatu, zamu ikafika, nazi zikakomaa na kuanguka zenyewe, na bado hakuitwa. Wale waliocheka barazani walikuwa wamekwenda nyumbani na kufikiri. Mwenye minazi husimama chini, na anachojua ni kile anachoambiwa na aliye juu, kwamba huu bado, ule umeingiliwa na panya, hapa zimetoka sita tu. Kama Mwishehe aliutajia mnazi wa msikiti mia na kumi, wa kwao aliutajia nini miaka yote? Kwa kweli hakuwahi kumwibia mtu hata koroma. Lakini hakwenda kumwambia yeyote, kwa kuwa hakuona nani angemsadiki, na kuomba kuaminiwa na watu wale kulimshinda. Marijani alileta mkwezi mwingine kutoka Bunju, na wengine wakamfuata.

Mwishehe alikwenda Kunduchi kwenye mashamba ya chumvi. Huko alikokota chumvi kwa ubao mrefu, jua juu na maji ya chumvi kwenye nyufa za miguu, katikati ya wanaume arobaini waliosimama chini kama yeye, urefu sawa naye.

Mwaka wa pili Revelian alipita huko kwa kazi nyingine, akamtambua, akamsogelea. Walisalimiana vizuri. Revelian alimwambia kwamba kitabu cha Bwana Maswali kimechapishwa Uingereza. Yeye Revelian aliwahi kumwandikia Bwana Maswali kumweleza habari za zile namba, na akajibiwa kwa shukrani kwamba katika minazi mingi makosa hufutana yenyewe. Hivyo namba zote zilikuwemo. Kitabu kilisema mnazi wa Mbezi huzaa kuliko wa mahali popote pwani, kwamba wenyeji hawana madeni, na kwamba kwa hali hiyo umaskini wao hauna sababu nyingine ila uzembe.

Mwishehe aliegemea ubao wake. Aliuliza kama jina la Mwanakombo limo.

“Majina hayamo,” alisema Revelian. “Lakini wategemezi wamehesabiwa.”

Mwishehe alitikisa kichwa akarudi kazini, kwa sababu mnyapara alikuwa akiwatazama.

Minazi pekee aliyoendelea kuikwea ilikuwa ile ishirini na minne. Kila miezi mitatu, siku ya Ijumaa baada ya sala, alichukua kamba yake akaenda kumwangushia dada yake nazi. Mara ya kwanza, akiwa juu, alisikia sauti kutoka chini baada ya kila kishindo: moja, mbili, tatu, nne. Alizuia panga akatazama. Mwanakombo alikuwa amesimama na tenga lake, uso ameuinua.

“Unahesabu, dada?”

“Nahesabu,” alisema Mwanakombo.

Mwishehe alikata ya tano, akangoja mpaka aisikie imetajwa, kisha akakata ya sita.