Tulivyolipunguza Kimo Gari la Mlamu Wangu

Bibi yangu mzaa baba, aliyeolewa kutoka Lipingo, alikuwa na nyumba yenye mlango mfupi kuliko yote niliyowahi kuiona pale kwetu Mbaha. Tuliishi humo sote. Kuingia ilibidi uiname kama mtu anayetafuta sindano. Bibi alisema mlango wa namna hiyo humfundisha mgeni adabu kabla hajafungua mdomo, na kweli hata katekista, mtu aliyependa kusimama wima kama mlingoti, akifika pale aliingia kichwa mbele na kofia mkononi. Sisi watoto tulipita bila shida. Kisha dada yangu anayenifuata akaanza kurefuka.

Sijui alikula nini. Samaki tulikula sahani moja. Lakini yeye alipanda kama mhindi ulioota nyuma ya choo, na kila asubuhi akitoka kwenda kuchota maji ziwani tulisikia ko kwenye mti wa juu ya mlango, kisha ndoo ikibingirika uani. Tulicheka. Baba hakucheka. Baba hakuwa mtu wa kuonyesha mapenzi, sikumbuki kama aliwahi kumshika mtoto kichwa isipokuwa kwa kumtafuta chawa. Siku moja akarudi kutoka kuvua, hata nyavu hajazianika, akachukua jembe akaubomoa ukuta juu ya ule mlango, akauhamisha ule mti juu zaidi, akaziba kwa udongo. Nyumba ikawa kama mtu anayepiga mwayo. Bibi alinuna mpaka mavuno, akisema sasa hata mbuzi wataingia bila kusalimia. Dada yeye akapita mlangoni wima, akarudi ndani, akapita tena, halafu akajifanya amesahau kitu ili apate kupita mara nyingine.

Nimeanzia huko mbali kwa sababu nikisema dada yangu ni mrefu, watu hudhani natia chumvi.

Dada huyo aliolewa milimani, kwa Wamatengo wa Kitura. Mumewe, yaani mlamu wangu, ni mfupi. Sisemi kwa ubaya. Mlamu ni mtu wa kutaniwa, na usipomtania anaweza kudhani umemchukia. Siku ya harusi nilimwuliza kama amekuja na ngazi. Akanijibu kwamba miti mirefu yote aliyowahi kuiona iliangushwa na watu wafupi. Tukaelewana tangu siku hiyo. Baadaye nami nikalichoka ziwa, au ziwa lilinichoka mimi, nikapanda Mbinga mjini kujifunza ufundi wa bodi: kunyoosha magari yaliyogongwa, kuchomelea, kupaka puti na rangi. Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa huruma ya mwalimu.

Basi dada na mumewe wakaishi, wakazaa, watoto wakakua wakahama. Halafu dada, nywele zimeshakuwa nyeupe, akafunga kikapu chake akashuka ziwani kwa mama. Sababu ilikuwa shamba. Wamatengo hulima kwa ngoro, yaani mashimo mashimo kwenye mteremko: wanaume hupanga majani makavu kwa miraba, wanawake huyafukia kwa udongo na kupanda maharage juu yake. Ngoro za dada zilikuwa za kutazamwa, watu walisimama barabarani kuziangalia. Sasa dada akaenda msibani, na mlamu, kwa furaha zake mwenyewe, akachimba humo mashimo ya mibuni na kupanda miche. Alidhani anamfurahisha.

Wazee wa kwetu walipoketi kusikiliza, walimwuliza dada kama mumewe anampiga.

"Hanipigi wala hanitukani," alisema dada. "Haniulizi."

Wazee wakakuna vichwa. Hapakuwa na jeraha la kutazama, na wengi wao nao hawaulizi.

Mlamu alikuja kumfuata pamoja na kaka zake, akarudi mikono mitupu. Akaja tena na mbuzi. Mbuzi alipokelewa, mke hakutolewa. Ndipo mama yangu akatuma neno kupitia kwangu: aje mara moja ya mwisho, aje mwenyewe, na akishindwa safari hiyo asisumbue tena nyumba ya watu.

Alikuja kwenye gereji yangu asubuhi moja ya baridi, ile baridi ya Mbinga inayokufanya uongee na mikono kwapani. Nilikuwa nimeshaandaa utani, nikaona shati lake limefungwa vifungo kombo, nikaumeza.

"Mlamu," alisema, "ile nyumba bila dada yako naisikia inapumua."

Alikuwa ameamua kumfuata kwa gari lake mwenyewe. Na hilo gari sasa. Lilikuwa la zamani, la milango miwili, mgongo umebinuka kama kobe, na taa mbili zilizotokeza kama macho ya chura. Alilirithi kwa baba yake, aliyekuwa dereva wa watu wa kahawa na ambaye hakuwahi kusema alilipataje, na sisi hatukuuliza kwa heshima ya marehemu. Injini ilikuwa ikiwaka ikijisikia. Lakini mvua za mwaka ule zilikuwa zimeangusha mti wa mgrevilea juu ya paa lake, paa likaingia ndani kama sufuria iliyokaliwa, na nguzo zinazolishika zikapinda.

Nikamwambia nitalinyoosha, nitalipandisha lirudi lilivyokuwa. Akasema hapana, nilikate. Akatoa simu akanionyesha picha za wazungu wazee, wenye ndevu na matumbo, ambao huchukua magari ya namna hiyo, wakakata nguzo za paa na kulishusha, mpaka madirisha yanabaki membamba kama macho ya mtu aliyekunywa. Magari yalipendeza, sikatai. Yalionekana yanakwenda hata yakiwa yamesimama.

Nikamwuliza kama wazungu hao wamekosa maharage ya kupalilia. Kisha nikamwuliza kwa nini hasa anataka gari lishushwe. Akasema dada akiliona atajua amekuja mtu mpya. Nikamtazama tu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema polepole:

"Na ndani ya gari fupi, mlamu, nami nitaonekana mrefu. Kidogo."

Baada ya hapo ningekataaje?

Kazi yenyewe niliipenda kuliko nilivyotegemea. Kwanza nilichomelea vyuma ndani, kutoka mlango hadi mlango, ili gari lisitanuke likikosa paa, maana paa ndilo linaloshika mabega ya gari. Kisha vipimo. Mlamu akaketi kwenye usukani na kofia yake ya sherehe kichwani, nikaweka vidole vinne juu ya kofia, nikachora mstari kwa mkaa. Akaniomba nipunguze viwe viwili. Tukabishana, tukaacha vitatu. Kisha nami nikaketi kiti cha pili, nikajipima vilevile, tukaona vipimo vyetu vinakubaliana, tukafurahi kama watu waliogundua dawa.

Grenda ya kukatia vyuma ilianza vizuri, umeme ukakatika, nikamalizia nguzo za nyuma kwa msumeno wa mkono. Paa lilipoachia tuliita majirani, tukalibeba kama wanaume wanavyobeba paa la kihenge, kila mtu pembe yake, mmoja akiimba na wengine wakiitikia, na mlamu akishika katikati ambapo mikono yake ilikuwa hailifikii ila kwa ncha za vidole. Nilimwambia apumzike, anatuongezea uzito. Tulipokwisha kuzikata nguzo kiasi kile na kulirudisha paa, hazikukutana. Nguzo za mbele zimelala, ukizifupisha vichwa vyake husogea mbele, paa linabaki fupi. Hilo wazungu wa kwenye simu hawakulisema. Ikabidi nilikate paa katikati, nilitenganishe, niongeze kipande cha bati la pipa. Kioo cha mbele kilikuwa bapa, vipande viwili, nikampelekea fundi wa fremu za picha akavikata. Kimoja kilipata ufa, tukauita mto Ruvuma. Madirisha ya mlangoni tuliweka nailoni angavu. Nikapaka puti, nikapiga msasa, nikapaka rangi ya kijani iliyokuwa imebaki kwenye geti la mtu.

Lilipendeza. Niseme ukweli wangu, sijawahi kutengeneza kitu kikapendeza vile. Wanafunzi walisimama barabarani. Ndani, kofia ya mlamu ilibakiza nafasi ya kupita panzi.

Tulishuka ziwani sisi wawili, mimi nikiwa kaka wa mke na fundi wa dharura. Ile barabara ya lami ya kuteremkia Mbamba Bay ina kona nyingi, na kila kona watu walipiga mbinja. Ziwa lenyewe tuliliona kwa kipande, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango. Mlamu alikuwa akiyarudia maneno yake. Atasema mibuni ameing'oa, na kweli alikuwa ameing'oa. Atasema ngoro zinamsubiri mwenyewe. Atasema kuanzia sasa atauliza. Nilimwambia akisema hivyo bila kutetemeka sauti nitampa mbuzi wangu, akasema nimpe tu, maana yule wake tulimla.

Tulipofika uani kwetu, mama ndiye aliyetoka wa kwanza. Mama ameona mengi lakini gari lisiloonyesha vichwa vya watu hakuwa ameliona, akadhani limekuja peke yake au dereva amefia ndani. Akalisogelea na fimbo yake, akainama, akausogeza uso dirishani. Akakutana uso kwa uso na mkwe wake. Sasa kwetu mkwe hatazamani na mama mkwe hata kwa mbali, hupishana njia, na hawa wawili walikuwa wametenganishwa na nailoni tu. Mama alirudi jikoni akiwa amejifunika kanga usoni. Mlamu alijifunika kofia na kubaki hivyo, akiuliza kutoka ndani ya kofia kama mama ameshaondoka. Nilimwambia faini ni kuku, na kwa ukaribu ule huenda wakawa wawili.

Ndipo dada akatoka. Na hapa nimwambie msomaji jambo ambalo mlamu hakuliona kwa kuwa alikuwa bado kofiani: kikapu cha dada kilikuwa mkononi mwake, kimefungwa, na mkeka umekunjwa juu yake. Alikuwa amevaa kilemba cha kitenge kipya. Mlamu akashuka, akasema maneno yake yote, na sauti ilitetemeka lakini hakuruka hata moja. Dada alisikiliza. Akalizunguka gari mara moja, akapitisha kiganja pale nilipounganisha, akanitazama kwa namna ya kusifu. Kisha akaweka kikapu chini, akafungua mlango, akaingiza mguu.

Kilemba kilikwama. Akatoka, akajaribu kuingia kwa nyuma, akaketi. Kichwa kilikosa pa kwenda. Akakilaza begani kama kuku aliyelala, magoti yamegusa kidevu. Mlamu na mimi tulisimama tunatazama, na nadhani tuliliona kwa wakati mmoja.

"Inama kidogo tu, mama," mlamu alisema. "Ni mpaka Mbinga."

"Mlipima?" dada aliuliza kutoka mle ndani.

"Tulipima," mlamu alijibu haraka, maana hilo alikuwa na uhakika nalo. "Tulipima vizuri sana."

"Mlimpima nani?"

Mlamu alinitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama gurudumu.

Dada alitoka taratibu, mguu mmoja, kisha mwingine, akajinyoosha, akakirudisha kilemba mahali pake. Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika, hasira ningeitania. Akainua kikapu na mkeka, akaingia navyo ndani.

Mlamu akauweka ufunguo juu ya boneti, polepole, kama anaogopa kukwaruza rangi. Akavaa kofia. Akashika njia ya kuelekea barabarani, na kutoka nyuma alionekana mfupi kama kawaida yake. Mama aliuliza kutoka jikoni kama amekwenda kutafuta kuku wa faini, nami nikasema ndiyo, bila shaka, atarudi. Dada alisonga ugali wa muhogo, akampakulia mumewe sehemu yake na kipande cha samaki mbasa, cha kichwa, anachokipenda, akafunika kwa sahani nyingine. Mimi nikaketi kizingitini kumsubiri. Hakurudi.